Joto la Kifua katika Baridi ya Njombe
Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai huwatetemesha hata watu wazima waliojifunika makoti. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi; joto humtoka upesi, na baridi pekee yaweza kummaliza. Wengi huamini kwamba malezi yake yalipiga hatua moja tu, kutoka jikoni kwenye moshi hadi kwenye mashine. Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi ilikuja baadaye, mzazi aliyekuwa ametolewa nje aliporudishwa ndani.

Mashine hiyo, inkubeta, iliingia hospitalini Paris karibu mwaka 1880 kwa juhudi za Stéphane Tarnier. Ilipoenea, hofu ya vijidudu ilimbakiza mama nyuma ya kioo, akisubiri saa ya kutazama. Tena mashine hutaka umeme usiokatika, na njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako kwenda Songea, inayopita Njombe, ilikamilika mwaka 2018 tu. Mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alikabiliwa na wodi iliyojaa na inkubeta chache, akawakabidhi akina mama kazi ya joto: mtoto mwenye nepi, kofia na soksi tu husimamishwa kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kisha hufungwa kitenge. Huku kwetu wauguzi huiita njia hiyo kangaroo.

Wapo wanaosema hiyo ni tiba ya maskini, ya kupozea macho hadi mashine zifike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano, unawapinga. Watoto 3,211 walihusika, na waliolinganishwa na wenzao wa kifuani walianzia kwenye inkubeta au hita. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12. Wale wengine, asilimia 15.7. Kweli, kifua hakipumui kwa niaba ya mapafu machanga, na oksijeni haina mbadala. Kweli pia, mama mwenye mshono huchoka, ila baba na bibi nao wana vifua.

Kizuizi kilichobaki ni muda. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea likizo mwajiriwa aliyejifungua njiti. Mkulima wa viazi wa Uwemba, hapa Njombe, hana mwajiri. Akikaa wodini wiki kadhaa, palizi humngoja yeye au jirani mwenye huruma.