Leipzig na Kumbukumbu ya Oktoba 1989

Jina la Leipzig limezoeleka masikioni mwa Walutheri wa Kilimanjaro na Meru kuliko jina la mji mwingine wowote wa Ujerumani. Chama cha Misheni kilichoanzishwa Dresden mwaka 1836, kikahamia Leipzig mwaka 1848, ndicho kilichowatuma wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Kwa sababu hiyo, karibu kila kitabu cha historia ya sharika za huku huutaja mji huo katika kurasa zake za kwanza, kisha huuacha huko huko, kana kwamba historia yake ilikoma siku waasisi walipopanda meli. Yaliyoupata mji huo baadaye hayasimuliwi sana. Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100 inafaa yasimuliwe, hasa kwa kuwa watu wa Leipzig nao wamekuwa wakihangaika na kazi ile ile ya kukumbuka: nani atajwe, nani aachwe, na kumbukumbu iwe mali ya nani.

Leipzig ni mji wenye mambo mengi ya kukumbuka. Hapo ndipo Dkt. Martin Luther alipojadiliana na Johann Eck mwaka 1519. Hapo ndipo Johann Sebastian Bach alipokuwa kiongozi wa muziki tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750, akiyahudumia makanisa ya Mtakatifu Thomas na Mtakatifu Nikolai. Nje ya mji palipiganwa vita kuu dhidi ya Napoleon mwezi Oktoba 1813, na baada ya miaka 100 ukazinduliwa mnara wa mawe wenye kimo cha meta 91. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji ukawa ndani ya Ujerumani ya Mashariki, dola iliyotawaliwa na chama kimoja tangu mwaka 1949. Ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961, uhusiano wa nyumba ya misheni ya Leipzig na makanisa yaliyozaliwa na kazi yake ulizidi kuwa mgumu.

Watawala hao wapya nao walikuwa na maoni yao juu ya kumbukumbu. Tarehe 30 Mei 1968 walililipua kwa baruti kanisa la Chuo Kikuu, kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo mabomu ya vita yalikuwa yameliacha likiwa zima. Watu walisimama mbali wakitazama jengo lililosimama kwa karne nyingi likianguka kwa muda mfupi. Wiki tatu baadaye, katika sherehe ya mashindano ya muziki wa Bach, bango kubwa lilikunjuka juu ya jukwaa mbele ya wageni wa kimataifa, likidai kanisa lijengwe upya. Wanaotafuta mwanzo wa mapinduzi ya mwaka 1989 wangefanya vema kuanzia hapo.

Hata hivyo masimulizi mengi huanza mwaka 1982. Mwezi Septemba mwaka huo Sala ya Amani ilianza kufanyika katika kanisa la Nikolai kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Vijana waliopinga silaha za nyuklia na mafunzo ya kijeshi mashuleni walikuwa wamechukua maneno ya nabii Mika juu ya panga kuwa majembe, wakayashona kwenye nguo zao; polisi wakawalazimisha kuyabandua. Kanisa lilikuwa mahali pekee ambapo watu wangeweza kukutana bila kibali cha serikali. Mchungaji Christian Führer, aliyeitwa katika usharika huo mwaka 1980, aliweka kibao mlangoni kilichosema kwamba kanisa la Nikolai liko wazi kwa watu wote. Jumatatu nyingine waliohudhuria walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole.

Tangu mwaka 1986 uratibu wa sala hiyo ulikuwa mikononi mwa Mchungaji Christoph Wonneberger wa usharika wa Lukas, katika mtaa wa wafanyakazi wa Volkmarsdorf. Yeye aliviachia vikundi vya haki za binadamu, vya mazingira na vya watu walioomba kuhama nchi viongoze sala kwa zamu, na viseme waziwazi. Serikali ikawabana viongozi wa Kanisa. Mwezi Agosti 1988 Mkuu wa Jimbo, Friedrich Magirius, akamwondolea Wonneberger kazi hiyo na kuvinyima vikundi nafasi ya kuongoza.

Hapa mwandishi wa historia ya Kanisa hana budi kwenda polepole, maana ni rahisi kuhukumu. Magirius alikuwa na hofu kwamba serikali ingeifunga sala yote, na hofu hiyo haikuwa ya kuwaza tu. Lakini wale vijana waliofungiwa mimbari walitoka nje, wakaanza kukutana katika kiwanja kilicho mbele ya kanisa baada ya sala. Waliokuwa wakisemea ndani sasa walisemea nje, na wapita njia wakawasikia. Ndivyo kiwanja cha Nikolai kilivyogeuka kuwa mahali pa mji mzima. Vikundi vilirudishiwa nafasi yao katika majira ya kuchipua ya mwaka 1989, ila kiwanja hakikuachwa tena.

Mwaka huo wa 1989 mambo yalikwenda kasi. Tarehe 7 Mei ulifanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji, na raia waliosimamia kuhesabiwa kwa kura walipata ushahidi kwamba matokeo yaliyotangazwa yalikuwa ya udanganyifu. Mwezi Juni jeshi la China liliwaua waandamanaji jijini Beijing, na bunge la Ujerumani ya Mashariki likaunga mkono kitendo hicho. Kila mtu alielewa onyo hilo. Tarehe 4 Septemba, wakati wa maonyesho ya biashara, wanawake wawili vijana, Gesine Oltmanns na Katrin Hattenhauer, walikunjua mbele ya kanisa kitambaa kilichodai nchi iliyo wazi yenye watu huru. Askari kanzu walikinyakua baada ya sekunde chache, lakini kamera za televisheni ya Magharibi zilikuwa pale.

Tarehe 25 Septemba Wonneberger alihubiri juu ya nguvu na kutotumia nguvu, na maelfu ya watu wakatoka kanisani na kuandamana kuelekea kituo cha reli. Juma lililofuata walikuwa wengi zaidi. Tarehe 6 Oktoba gazeti la chama la mji huo lilichapa barua ya kamanda wa wanamgambo iliyotishia kuwazuia waandamanaji hata kwa silaha ikibidi. Kesho yake dola iliadhimisha miaka 40 ya kuzaliwa kwake huku polisi wakiwapiga watu kwa marungu.

Hivyo ikafika Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba. Polisi, askari na wanamgambo wapatao 8,000 walikuwa tayari. Hospitali ziliagizwa kuandaa vitanda na damu. Mchana wanachama wa chama tawala, mamia kwa mamia, walitumwa kwenda kukaa ndani ya kanisa la Nikolai ili watu wengine wakose nafasi. Führer hakuwafukuza. Aliwakaribisha, akaacha roshani zimefungwa kwa muda ili waumini watakaokuja baada ya kazi wapate pa kukaa. Watu hao wa chama, ambao wengi hawakuwa wameingia kanisani kwa miaka mingi, wakasikiliza Heri za Mlimani. Sala ilifanyika pia katika makanisa ya Thomas na Mikaeli na katika kanisa la Reformed.

Maombi mawili ya kuzuia umwagaji damu yalitolewa siku hiyo, na mji unalikumbuka moja kuliko jingine. La kwanza lilisomwa kupitia vipaza sauti vya mji na Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, kwa niaba ya watu sita: yeye, mwanatheolojia mmoja, mchekeshaji mmoja wa jukwaani, na makatibu watatu wa chama. La pili halikuwa na sauti maarufu. Lilikuwa kipeperushi kilichorudufiwa kwa mashine katika usharika wa Wonneberger, nakala zipatazo 25,000, kikiwasihi polisi na waandamanaji kwa pamoja wasiumizane kwa kuwa wao ni watu wamoja. Wagawaji wake wangeweza kufungwa. Hapana shaka kwamba sauti ya Masur iliwatuliza wengi, lakini si haki kuisahau mashine ya kurudufu.

Watu wapatao 70,000 walizunguka barabara ya mviringo inayouzunguka mji wa kale, wakipita mbele ya jengo la polisi wa siri, wengi wakibeba mishumaa. Anayeshika mshumaa na kuukinga usizimike hana mkono wa kurushia jiwe. Walipaza sauti kwamba wao ndio wananchi, na kwamba pasiwe na vurugu. Amri ya kuwapiga haikutolewa. Helmut Hackenberg, aliyekaimu uongozi wa chama mkoani, aliona umati ulivyo mkubwa, akaamuru askari wabaki katika hali ya kujilinda. Jibu la Egon Krenz kutoka Berlin lilimfikia baada ya watu kuwa wamekwisha kupita. Juu ya mnara wa kanisa la Reformed, Aram Radomski na Siegbert Schefke walikuwa wamelala kifudifudi wakipiga picha za video kwa siri. Kesho yake dunia nzima iliziona. Erich Honecker aliondoka madarakani tarehe 18 Oktoba, na tarehe 9 Novemba ukuta ulifunguka.

Kazi ya kukumbuka ilianza kabla mapinduzi hayajakwisha. Tarehe 4 Desemba 1989 raia waliingia katika jengo la polisi wa siri, lile watu wanaloliita Kona ya Mviringo, ili kuyaokoa mafaili yasichomwe. Kamati ya raia iliyoundwa siku zile ilifungua humo maonyesho mwaka 1990, ikionyesha vifaa vya kufungulia barua za watu kwa mvuke, nywele za bandia za wapelelezi, na mitungi ya harufu za watuhumiwa. Mwaka 1991 wanaharakati wa zamani walianzisha chama chao cha kuhifadhi nyaraka za harakati za raia. Wao walikusanya yale ambayo dola isingehifadhi kwa mapenzi: barua, picha, vipeperushi, na majarida yaliyochapwa kwa stensili na kuandikwa juu yake kwamba ni kwa matumizi ya ndani ya Kanisa tu, maneno yaliyosaidia kukwepa sheria ya uchapaji. Pasingekuwa na nyaraka hizo, mengi ya miaka ile yangejulikana kupitia mafaili ya wapelelezi peke yake.

Mwaka 2014 chama hicho kilipewa Tuzo ya Taifa ya Ujerumani pamoja na Führer, Wonneberger na Uwe Schwabe, mmoja wa vijana wa vikundi vile. Wachungaji hao wawili walitambuliwa kwa nyakati zilizotofautiana sana. Führer alijulikana ulimwenguni kote. Wonneberger alipatwa na kiharusi tarehe 30 Oktoba 1989, majuma matatu tu baada ya siku ile kuu, akapoteza uwezo wa kusema. Wakati wenzake wakihojiwa na waandishi wa habari, yeye alikuwa akijifunza maneno upya. Kwa miaka mingi masimulizi yalimpita. Waliomrudisha mahali pake ni watunza nyaraka, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye karatasi.

Mji nao uliweka alama zake. Mwaka 1999 nguzo yenye kichwa cha matawi ya mtende, mfano wa nguzo zilizomo ndani ya kanisa la Nikolai, ilisimikwa kiwanjani, kana kwamba nguzo moja imetoka nje pamoja na watu. Tangu mwaka 2009, kila tarehe 9 Oktoba hufanyika Sikukuu ya Mwanga, na watu huwasha mishumaa kwa maelfu na kuipanga iandike tarakimu 89. Si yote yaliyofaulu. Bunge la Ujerumani liliamua mwaka 2008 kwamba Leipzig ipate mnara wa uhuru na umoja, lakini mashindano ya usanifu yaliishia katika magomvi, na mwaka 2014 baraza la mji likasimamisha kazi; mchakato ulibidi kuanzwa upya. Huko Plauen, mji mdogo zaidi ambao ulifanya maandamano yake makubwa tarehe 7 Oktoba 1989, siku mbili kabla ya Leipzig, watu walisimika sanamu yao yenye umbo la mshumaa mwaka 2010 bila kelele nyingi.

Pana ugomvi mwingine mzito kuliko huo. Mwaka 2004 waliopinga sheria mpya za posho za wasio na ajira waliandamana siku za Jumatatu, na mwaka 2015 kundi la LEGIDA, lililopinga wageni na Waislamu, liliandamana katika barabara ile ile ya mviringo likitumia mwito ule ule wa wananchi. Maneno ya mwaka 1989 hayana hatimiliki. Yeyote aweza kuyaokota. Wengi wa waliokuwa wameyapaza chini ya hatari walitoka tena barabarani, safari hii kupinga.

Kengele yenye umbo la yai, iliyowekwa mwaka 2009 katika uwanja wa Augustus, hulia kila Jumatatu saa kumi na mbili na dakika 35 jioni, saa ambayo maandamano ya tarehe 9 Oktoba yalianza kusogea. Saa moja na nusu kabla yake, katika kanisa la Nikolai, Sala ya Amani bado hufanyika.