Jino la Miaka Sita

Desemba iliyopita, siku mbili kabla ya Krismasi, nyumba ya mama pale Mkuu ilikuwa imejaa kama zinavyojaa nyumba zote za Rombo mwezi huo. Magari yalikuwa yamefika na vumbi la safari kutoka Dar, watoto walikuwa wanakimbizana migombani, na sufuria ya kiburu ilikuwa jikoni. Tulipokaa kula, mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka minane, aliweka kijiko chini akashika shavu. Nikamwambia afungue mdomo, nikamulika kwa tochi ya simu. Gego lake la chini, la nyuma kabisa, lilikuwa na tundu jeusi linaloweza kumeza punje ya mtama.

"Sikukuu ikipita apelekwe akang'olewe," mama alisema. "Ni jino la utoto hilo, litaota jingine."

"Hilo haliwezi kuota tena, mama."

"Shangazi yenu kawa daktari," kaka akawaambia watoto, wakacheka.

Mimi si daktari. Ila nina pengo mahali hapohapo. Mwaka 1998, nikiwa na miaka tisa, nilipelekwa kung'olewa gego kama hilo kwa maneno kama hayo. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila kusukuma jino lolote litoke. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka kabla yake, wazazi wengi hulihesabu kuwa la utoto. Mama alilihesabu hivyo. Nilisubiri jingine liote mpaka nikamaliza shule ya msingi.

Sina kinyongo na aliyeling'oa. Alikuwa na koleo, sindano ya ganzi na foleni ya watu mpaka nje. Lakini kwa miaka mingi nimejiuliza ilikuwaje koleo likawa ndilo jibu letu la kwanza, na katika kutafuta nimekuta historia ambayo sikuitarajia. Sehemu yake muhimu ilianzia hapahapa Tanzania.

Bibi yangu aliamini kwamba jino huliwa na mdudu. Hakuwa peke yake, maana imani hiyo ni ya kale na imeenea duniani kote. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kilichoeleza mdudu huyo ni nani hasa. Ni bakteria wasioonekana kwa macho. Hawatafuni jino. Wanakula sukari na wanga unaobaki mdomoni, wanatoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Mate nayo hurudisha madini hayo tukiyapa muda. Kwa hiyo kuoza kwa jino si tukio la siku moja. Ni mizani inayopanda na kushuka kila siku, na tundu hutokea pale upande wa asidi unapozidi kwa muda mrefu.

Kwamba kinachoumiza zaidi ni idadi ya nyakati tunazokula sukari kuliko wingi wake, tulilijua kwa njia ya aibu. Katika miaka ya 1940, kwenye taasisi ya Vipeholm nchini Sweden, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa pipi za kunata kwa makusudi ili watafiti waone meno yao yataozaje. Hawakuombwa ridhaa. Waliopewa pipi kati ya mlo na mlo waliharibikiwa vibaya kuliko waliopata sukari pamoja na chakula. Kila daktari anapomwambia mama kwamba biskuti moja moja kutwa nzima ni mbaya kuliko kipande cha keki baada ya chakula, anatumia elimu iliyolipiwa na midomo ya watu wale.

Kujua chanzo hakukubadilisha tiba kwa haraka. Mwaka 1908 Mmarekani G. V. Black alichapisha kitabu kilichoongoza madaktari wa meno kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini. Alifundisha kwamba tundu lipanuliwe mpaka kwenye sehemu nzima za jino, kwa umbo maalumu, kisha lijazwe mchanganyiko wa zebaki na madini mengine. Kazi hiyo ilihitaji mashine ya kutoboa, na mashine ilihitaji umeme, maji, vipuri na fundi. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979. Waliohitimu walijua kuziba jino kama wenzao wa Ulaya, lakini wengi walikwenda wilayani ambako mashine haikuwepo, au ilikuwepo imekufa. Ukiondoa mashine, katika mafunzo yale kinabaki koleo.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, walijaribu njia nyingine. Waliacha kusubiri mashine. Walichukua vifaa vya mkono, kimoja chenye makali ya kupanua mdomo wa tundu na kingine mfano wa kijiko kidogo sana, wakakwangua sehemu laini iliyooza, wakasafisha kwa pamba, wakajaza saruji ya meno na kuisukuma kwa kidole. Mgonjwa aliweza kulala hata juu ya meza ya darasani. Mara nyingi sindano ya ganzi haikuhitajika, kwa sababu sehemu iliyokwisha kuoza kabisa haina hisia.

Wengi waliona ni tiba ya maskini, kitu cha kushikiza mpaka vifaa vya kweli vije. Ndiyo maana ilibidi ipimwe. Mwaka 1991 ilianza kujaribiwa vijijini Thailand, na miaka miwili baadaye Zimbabwe. Safari hii walitumia saruji bora zaidi, glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwanzoni mwa miaka ya 1970. Saruji hiyo hushikana na jino lenyewe bila kuhitaji tundu la umbo maalumu, na hutoa floraidi taratibu. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu.

Kilichonishangaza zaidi ni sababu ya njia hiyo kufanya kazi. Black alitaka kila alama ya uozo iondolewe. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba si lazima. Chini ya tabaka laini kuna tabaka gumu kiasi, lililopoteza madini lakini linaloweza kupona. Ukilifunika vizuri, bakteria waliobaki hukosa sukari na kudhoofika, na jino hujikinga lenyewe kwa ndani. Huko Scotland, daktari Norna Hall alikwenda mbali zaidi. Alivalisha magego ya utoto yaliyooza kofia za chuma bila kukwangua chochote wala kuchoma sindano. Wenzake walipompima kwa utafiti rasmi uliochapishwa mwaka 2007, magego hayo yalikaa vizuri kuliko yaliyozibwa kwa kawaida. Mdudu wa bibi, kumbe, si lazima achimbwe na kutolewa. Anaweza kufungiwa ndani bila chakula.

Kuna jambo jingine lililotuchelewesha sisi wa mlimani, nalo ni woga wa floraidi. Ukipanda miteremko ya Kilimanjaro utakutana na watu wenye meno ya kahawia, na wengi wao wameambiwa kwamba chanzo ni floraidi. Basi ukimwambia mzazi apige mtoto mswaki kwa dawa yenye floraidi, anakuona unamwongezea ugonjwa.

Woga huo una msingi. Mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs nchini Marekani, mji ulio chini ya mlima kama Moshi ilivyo, akakuta watu wenye meno ya kahawia. Aligundua pia kwamba meno hayo hayaozi kirahisi. Ilichukua miaka thelathini, hadi mwaka 1931, kujua kwamba ni floraidi iliyozidi kwenye maji. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kidogo kwenye maji yake ili kuzuia kuoza. Kitu kilekile kikizidi wakati meno ya mtoto yanaundwa huyatia madoa, na kikiwa kwa kiasi huyalinda.

Huku kwetu kisa kina kona yake. Mwaka 1998, mwaka uleule nilioachwa na pengo, ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa Kibosho, juu mlimani, na wa Rundugai, chini tambarare. Maji ya Rundugai yalikuwa na floraidi nyingi. Maji ya Kibosho yalikuwa karibu hayana kabisa, na bado meno ya watoto wake yalikuwa yameathirika vibaya sawa na ya wenzao wa tambarare. Miongoni mwa vilivyopimwa yalikuwemo magadi, haya tunayotia kwenye maharage na kiburu ili viive upesi, nayo yalikutwa na floraidi, mengine kwa wingi wa kutisha.

Kwa hiyo mzazi wa Mkuu anayeogopa dawa ya meno huku chakula cha kumwachishia mtoto ziwa kina magadi, anaogopa kitu kisicho chenyewe. Dawa ya meno inapakwa na kutemwa. Mapitio ya tafiti za miongo mingi yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba inapunguza kuoza kwa meno ya ukubwani ya watoto na vijana kwa takribani asilimia 24. Kiasi chake ni kidogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosha kwa ukubwa wa punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kwa ukubwa wa punje ya njegere, mara mbili kwa siku, usiku bila kukosa, na atakayempigia mswaki ni mtu mzima.

Mwaka 2009 Emil Kikwilu wa Muhimbili, pamoja na Frencken na mwenzao, walichapisha utafiti kuhusu kliniki za serikali hapa nchini. Tiba iliyotawala ilikuwa bado kung'oa. Walipowafundisha wahudumu njia ya vifaa vya mkono, meno yaliyozibwa yaliongezeka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji ya glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ile inayoziongoza serikali katika kuamua nini kisikosekane hospitalini.

Baada ya sikukuu nilimpeleka mtoto mwenyewe. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, aliuliza maswali matatu: linamwamsha usiku? Shavu limewahi kuvimba? Likianza kuuma linaacha? Majibu yangekuwa mengine, alisema, tungezungumza habari ya mzizi au koleo, kwani saruji haifai jino ambalo kiini chake kimekufa. Akakwangua, akajaza, akabonyeza kwa kidole. Haikufika nusu saa. Mashine ilikuwepo ukutani na hakuigusa.

Tuliporudi mama alimmulika mdomoni kwa simu yangu, akaangalia kwa muda. Akaniuliza kama na lile langu wangeweza kulifanya hivi.

Nilihesabu kabla ya kujibu. Mwaka 1998 njia ile ilikuwa na zaidi ya miaka kumi tangu ianze Tanzania, na miaka minne tangu itangazwe duniani. Ilikwishafika Thailand na Zimbabwe.

"Labda," nilimwambia. "Ila haikuwa imefika huku."

Mama akanyamaza. Kisha akamwita mtoto, akamwambia kwamba kuanzia leo usiku mswaki atampigia yeye.