Nani Anailinda Kebo? Mkondo Uliozidi na Mashine za Viwandani Zenye Plagi

Plagi ya pini tatu bapa iliyozoeleka Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani yake. Ni urithi wa kiwango cha Uingereza cha BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947, wakati soketi nyingi za nyumba moja zilipoanza kuunganishwa kwenye mzunguko mmoja wa waya wenye kinga ya ampea 30. Ampea 30 ni nyingi mno kwa waya mwembamba wa taa ya mezani, kwa hiyo kila kifaa kikapewa kinga yake papo hapo kwenye plagi, ya ampea 3 au 13. Mpango huo ni mzuri, ila umetulea vibaya kwa jambo moja: umetuzoesha kuamini kwamba kitu chenye plagi tayari kina kinga.

Plagi ya viwandani haina. Zile za mviringo zinazofuata kiwango cha IEC 60309, buluu kwa volti 230 na nyekundu kwa volti 400, hazibebi fyuzi yoyote. Kebo inayotoka kwenye plagi hiyo hadi kwenye mashine inategemea breka iliyoko kwenye bodi, pengine upande wa pili wa karakana, na aliyeifunga breka hiyo huenda hakujua ni mashine gani ingekuja kuchomekwa. Makala haya yanadai kwamba kasoro hapa si uzembe wa mafundi peke yake. Viwango vyenyewe vimegawa wajibu wa kinga kana kwamba mashine husimikwa mara moja na kubaki hapo, na mgawanyo huo huvunjika mashine inapoweza kuhamishwa.

Tazama IEC 60204-1, kiwango kinachohusu umeme wa mashine. Hakimlazimishi mtengenezaji kuweka kinga ya mkondo uliozidi kwa ajili ya nyaya zinazoiletea mashine umeme, isipokuwa kama mnunuzi ameiagiza. Kinamtaka aandike kwenye nyaraka za ufungaji taarifa zitakazowezesha kinga hiyo kuchaguliwa. Kwa mashine iliyofungwa sakafuni kwa bolti, utaratibu huu unaridhisha: fundi mmoja anasoma nyaraka, anachagua breka, anavuta kebo, kazi imekwisha. Mashine yenye plagi huhamishwa, na nyaraka hubaki kwenye kabati la ofisi, kama hazikutupwa pamoja na boksi.

IEC 60309 inaziba sehemu ya pengo hili kwa werevu ambao haupewi sifa inayostahili. Plagi ya ampea 16 haiingii kwenye soketi ya ampea 32. Kwa hiyo, mradi breka ya kila soketi haizidi ukubwa wa soketi hiyo, umbo la plagi linakuwa taarifa ya kinga: anayechomeka haulizi kitu, na mashine ya ampea 16 haiwezi kujikuta nyuma ya breka ya 32. Adapta isiyo na breka ndani yake, upande mmoja 32 na upande wa pili 16, inafuta taarifa hiyo yote. Fundi anayekata plagi ya 16 na kufunga ya 32 kwa sababu ndiyo soketi iliyopo amefanya vivyo hivyo, ila yeye hakununua adapta.

Lakini kwa nini wafanye hivyo? Mara nyingi chanzo ni mota. Kompresa ya kilowati 5.5 kwenye fezi tatu za volti 400 hula takriban ampea 11. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 8 ya hapo kwa muda mfupi, yaani ampea 66 hadi 88. Breka ya aina C ya ampea 16 inaruhusiwa kukata papo hapo popote kati ya mara 5 na mara 10 ya ukubwa wake, yaani kati ya ampea 80 na 160. Kwa hiyo siku nyingine itakata kila kompresa inapowashwa, na mwenye karakana atadai breka kubwa zaidi. Inawekwa C32, kompresa inawaka, na hakuna anayerudi kuipima kebo. Breka ya ampea 32 hairuhusiwi kukata kwa ampea 36 ndani ya saa nzima, na kwa ampea 46 inaweza kuchukua karibu saa moja kabla ya kukata. Kebo ya milimita mraba 1.5 haikutengenezwa kuvumilia hayo.

Hapa ni lazima kutenganisha mzigo uliozidi na shoti. Mzigo uliozidi husababishwa na mashine, kwa hiyo rilei ya joto iliyofungwa kwenye mashine yenyewe inaweza kuilinda kebo nzima iliyo nyuma yake. IEC 60364-4-43 inaruhusu hivyo ilimradi hakuna tawi wala soketi katikati na kebo imelindwa dhidi ya shoti. Shoti ni jambo jingine. Kebo ikikanyagwa na toroli na nyaya zikagusana njiani, mkondo haufiki kwenye rilei hata kidogo. Kinga ya shoti haiwezi kukaa kwingine ila mwanzoni mwa kebo, na huko mtengenezaji wa mashine hana mamlaka. Kifaa cha kugundua umeme unaovuja hakisaidii pia fezi mbili zinapogusana, ingawa wengi hukihesabu kama kinga ya kila kitu.

Watu huogopa shoti kubwa. Kwa kebo nyembamba, ya kuogopwa zaidi ni shoti ndogo. Chukua jenereta ya kVA 20, ambayo mkondo wake wa kawaida ni ampea 29 kwa kila fezi. Ikipata shoti, yenye mfumo mzuri wa usumaku huweza kudumisha takriban mara 3 ya hapo, tuseme ampea 87. Isiyo na mfumo huo hushuka zaidi. Kebo ya shaba ya milimita mraba 1.5 yenye ganda la PVC hufika ukomo wake wa joto kwa mkondo huo ndani ya sekunde 4 hivi. C32 haihakikishi kukata papo hapo mpaka ampea 320, na kwa ampea 82 kiwango chake kinairuhusu kungoja hadi dakika nzima. Breka ya D16, ambayo mafundi wazoefu huipendekeza kwa mota, nayo haihakikishi kukata papo hapo kabla ya ampea 320. Faida yake iko kwenye kinga ya joto: kwake ampea 87 ni zaidi ya mara 5 ya ukubwa wake, kwa C32 hazifiki hata mara 3.

Kwa hiyo kila mashine ya mota yenye plagi ya viwandani iwe na kinga yake ya mzigo uliozidi, na bamba lake litaje breka kubwa kabisa inayoruhusiwa kuwa nyuma ya kebo yake, aina na ukubwa. Bamba tayari hubeba volti, idadi ya fezi, masafa na mkondo wa mzigo kamili. Mstari mmoja zaidi hauwezi kuwa mzigo kwa mtengenezaji. Watengenezaji watajibu kwamba hawawezi kujua mashine itachomekwa wapi. Ni kweli, na ndiyo sababu taarifa inapaswa kusafiri na mashine. Aliyenunua jenereta kwa ajili ya karakana naye amdai muuzaji aandike mkondo wa shoti ambao jenereta inaweza kuudumisha na kwa sekunde ngapi, kwa maana bila namba hiyo fundi hana cha kulinganisha na breka aliyoishika mkononi.