Boga, kijiji cha Irumu ambako Waanglikana wa Kongo walianzia

Bule na Boga zote ziko Ituri. Bule iko Djugu, kaskazini ya Bunia. Boga iko kusini, teritware ya Irumu, juu ya bonde la Semliki, na ng'ambo kule ni Uganda. Ni kijiji cha wakulima na wafugaji, na parokia yake ndiyo mama ya Kanisa Anglikana la Kongo.

Mwaka 1896 waalimu wawili Waganda, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walifika Boga. Chifu Tabaro hakupatana nao. Njaa ikawashinda, wakarudi. Nafasi yao alipewa Mganda mwingine, Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka 1895. Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, sababu ya ile koti nyekundu ya kisoda aliyokuwa anavaa pamoja na kanzu.

Naye alipata taabu. Alikuwa anakemea pombe na mambo ya wake wengi, wakampiga. Kisha siku moja watu wakiwa wanabeba majani ya kujengea, dada ya Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa ndani ya majani, akafa. Apolo akafungwa, akapelekwa mpaka kwa afisa Mwingereza kule Toro. Alipoachiliwa, akarudi Boga! Baadaye huyo huyo Tabaro alibatizwa, akaitwa Paulo.

Wakati ule Boga ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Mipaka ilipopangwa upya, ikabaki kwa Wabelgiji, na parokia ikakatwa na wenzake wa Toro. Apolo, aliyekuwa amekwisha kuwa padri, alirudi kukaa huko, akaanza pia kuingia porini kwa Wambuti. Alikufa Boga tarehe 30 mwezi wa tano 1933. Aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori, sababu kazi ya kule haikuisha.

Mwaka 1972 Boga ikawa kiti cha dayosisi, askofu wa kwanza akiwa Mwingereza, Philip Ridsdale. Mwaka 1992 Kanisa likapata jimbo lake lenyewe, na askofu mkuu wa kwanza akawa mtoto wa Boga, Byankya Njojo.

Watu wa Bule, wanaokumbuka usiku wa Plaine Savo mwezi wa pili 2022, hawahitaji maelezo marefu juu ya mambo yaliyoipata Boga miezi nane hivi mbele yake. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 mwezi wa tano 2021, tarehe ile ile ya kifo cha Apolo, Boga na jirani yake Tchabi zilishambuliwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwemo wakimbizi wa ndani waliokuwa wamekwisha kukimbia mara ya kwanza. Serikali ilisema ni kazi ya ADF. Ituri ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi ule ule. Maelfu wakahama. Siku chache tu baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa sita, hospitali kubwa ya Boga, ambayo vijiji vya karibu vyote viliitegemea, ikaporwa na kuchomwa moto.