Kutoka Mkonge hadi Maskati: Wanawake wa Tanga na Kazi za Ndani Uarabuni

Tangu mwanzoni mwa karne hii, wanawake wengi wa pwani ya Tanzania wamekuwa wakivuka bahari kwenda kufanya kazi za ndani Oman, Falme za Kiarabu na nchi nyingine za Ghuba. Wanatoka Unguja na Pemba, wanatoka Dar es Salaam, na wanatoka Tanga mjini, Pangani, Muheza na Mkinga. Kwa Mkoa wa Tanga hayo ni mageuzi makubwa. Kwa zaidi ya nusu karne, kazi ndiyo iliyowaleta wageni Tanga. Mwenyeji hakuwa na sababu ya kuifuata mbali.

Kazi hiyo ilikuwa ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalitanda hadi Muheza na Korogwe, yakifuata reli ya Usambara. Wenyeji wengi, wakiwa Wabondei, Wazigua, Wasambaa, Wadigo au Wasegeju, walikuwa na mashamba yao ya mihogo, mahindi na minazi jirani kabisa, na hawakuona sababu ya kukata mkonge kwa ujira ule. Basi vibarua wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Njombe, Songea, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Hao ndio walioitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowasomba kwa malori na treni.

Kila kibarua alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Akimaliza kazi aliyopangiwa, siku hiyo ilitiwa alama. Asipoimaliza, nafasi ilibaki tupu. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa, hata kama mwezi ulikuwa umekwisha zamani. Aliyelala na homa wiki mbili alichelewa kulipwa kwa wiki hizo mbili. Inafaa kukumbuka kadi hiyo unaposikia leo habari za mshahara unaozuiwa Maskati, maana Tanga haikuanza jana kujua mfanyakazi anavyobanwa na karatasi iliyo mkononi mwa tajiri.

Kazi za ndani nazo enzi hizo zilikuwa za wanaume. Katika nyumba za Wazungu na Wahindi, boi, mpishi na dobi walikuwa wanaume, na mwanamke akiajiriwa aliajiriwa kuwa yaya. Mtafiti Janet Bujra, aliyefanya kazi yake Lushoto, ameeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 2000 jinsi utumishi huo ulivyohama polepole kutoka mikononi mwa wanaume hadi kwa wanawake. Baada ya uhuru walizuka waajiri wapya, Waafrika wenye ajira mjini, wasio na uwezo wa kumlipa mpishi mzoefu lakini walioweza kumchukua binti wa ndugu kutoka kijijini kwa chakula, malazi na posho kidogo. Mabinti wa milima ya Usambara na wa tambarare za Korogwe wakazoea safari ya Dar es Salaam muda mrefu kabla ya safari ya ndege.

Kilichowasukuma zaidi wanawake kutafuta kazi mbali ni kuanguka kwa mkonge wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaharibu bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Viwanda kadhaa vya Tanga mjini navyo vikafungwa. Mshahara wa baba ukakatika, na nyumba nyingi zikategemea vitumbua, genge na umamantilie.

Kwa nini Oman? Jibu limo katika udugu wa zamani. Maliwali wa Sultani wa Zanzibar walikaa Pangani na Tanga kabla ya Wajerumani, na familia za Kiarabu zikaoa na kuolewa pwani. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 Waarabu wengi walikimbia. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970 aliwaita Waomani walioishi nje warudi kuijenga nchi, na waliotoka Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa na elimu, waliingia wizarani, mashuleni na kwenye makampuni ya mafuta. Kiswahili kikawa lugha ya majumbani katika sehemu za Maskati. Binti wa Muheza aliweza kuangukia kwa bibi mwenye nyumba wanayeelewana kwa lugha, jambo ambalo Mfilipino au Mhindi hakulipata. Lakini ujamaa huohuo ulikuwa na hasara yake: kazi iliyopangwa kwa simu kati ya shangazi na jamaa yake wa Uarabuni mara nyingi haikuwa na mkataba wowote.

Sheria ya huko ni ya kafala. Viza ya mfanyakazi inafungwa kwa mwajiri, kafili, na anayetoka kwenye nyumba hiyo bila ruhusa anahesabiwa mtoro. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Upande wa Tanzania utaratibu ulikuja kwa awamu. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulipewa jukumu la kupitisha mikataba. Kanuni za 2014 ziliweka masharti kwa mawakala binafsi. Na ubalozi wa Tanzania Maskati uliweka kima cha chini cha riali 80 kwa mwezi, kama dola 208 hivi. Mwenye haraka, au mwenye dalali mwenye haraka, aliukwepa utaratibu huo akaenda kwa viza ya matembezi.

Ufilipino ilianza mapema kuliko Tanzania kuwasimamia wafanyakazi wake walioko nje. Sheria yake ya kazi ya 1974 iliifanya ajira ya nje kuwa mpango wa serikali, na mwaka 1982 ikaunda chombo cha kuisimamia. Mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, aliponyongwa Singapore mwaka 1995, hasira ya wananchi ilizaa sheria ya kuwalinda wahamaji mwaka uleule. Mwishoni mwa 2006 serikali ikaagiza mfanyakazi wa ndani asilipwe chini ya dola 400. Ndiyo maana jikoni kwa tajiri mmoja Mfilipino angeweza kulipwa karibu mara mbili ya Mtanzania kwa kazi ileile. Haikuwa tofauti ya ustadi. Ni kwamba nyuma ya mmoja ilisimama serikali iliyokuwa imeshabishana na waajiri kwa miaka 30.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Ilisimulia pasipoti zilizonyang'anywa, kazi ya hadi saa 21 kwa siku bila siku ya mapumziko, mishahara iliyozuiwa, vipigo na udhalilishaji wa kingono. Mwaka huohuo Falme za Kiarabu zilipitisha sheria ya wafanyakazi wa ndani iliyotoa siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku, ingawa ukaguzi ndani ya nyumba ya mtu ni mgumu kuliko kiwandani.

Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili. Fedha hutumwa nyumbani kwa ada za shule, matibabu, kiwanja na bati, huku watoto wakilelewa na bibi zao. Mkataba ukiisha, wapo wanaorudi na kufungua duka, na wapo wanaobadili kafili na kuanza upya. Mabinti wengine bado huondoka na dalali wa mtaani, baadhi yao wakiwa hawajui anwani ya nyumba wanayokwenda.