Baiskeli ya umeme inayokua na mtoto

Njia ya baiskeli ya kilomita 40 kando ya barabara kuu ya M7, iliyofunguliwa mwaka 2005, hupita Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, Australia. Huko, kama kwingineko, mzazi hujiuliza: anunue baiskeli ndogo itakayoachwa upesi, au kubwa ambayo miguu ya mtoto haigusi ardhi?

Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais aliendesha chombo kisicho na pedali, akijisukuma kwa miguu. Mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli ya umeme. Fikra hizo zilikutana katika baiskeli za watoto za Stacyc, kampuni iliyonunuliwa na Harley-Davidson mwaka 2019. Hatari imo katika mwendo, nao umegawanywa ngazi tatu. Mtoto hujisukuma kwanza mota ikiwa imezimwa, na akishajua kushika breki, ndipo huwashiwa ngazi ya chini.