Marashi ya Chypre

Chypre ni jina la Kifaransa la kisiwa cha Kupro. Mwaka 1917 Bwana François Coty alitoa marashi ya jina hilo. Alichanganya mafuta ya maganda ya bergamoti, tunda la jamaa ya ndimu, utomvu wa labdanamu, ambao zamani wachungaji waliuchana katika ndevu za mbuzi wao (naam, ndevu!); na kuvumwani ya mwaloni, yenye harufu ya msitu uliolowa mvua. Lakini kuvumwani hiyo huwadhuru watu wengine ngozi, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulikataza viini viwili vilivyomo. Basi harufu ile kamili imebaki katika chupa za zamani. Ukiifungua moja, usiitupe kwa harufu ya kwanza iliyochacha. Hiyo ni bergamoti iliyozeeka. Ngoja kidogo, msitu utatokea.